Dk. Hugh Trowell: Tabibu wa Mulago aliyeyasaka maradhi ndani ya sahani

Na Mwandishi Wetu

WAPO wakazi wengi wa Kariakoo, Gerezani, Kisutu na Upanga ambao wakinywa glasi moja tu ya maziwa asubuhi, tumbo huunguruma hadi adhuhuri. Mmoja hulaumu vidonda vya tumbo, mwingine amiba, na mwingine huamini kuwa ametupiwa jicho baya. Wachache ndio hujiuliza kama chanzo cha adha hiyo ni maziwa yenyewe.

Swali hilo si geni katika ukanda wetu. Lilifanyiwa uchunguzi wa kitaalamu katika hospitali ya Mulago mjini Kampala tangu miaka ya 1960, wakati madaktari wengi duniani walikuwa bado wanaamini kuwa maziwa yanamfaa kila binadamu. Msingi wa utamaduni huo wa kuchunguza chakula cha mgonjwa kabla ya kukimbilia dawa ulikuwa umejengwa na tabibu aliyeitumikia hospitali hiyo kwa zaidi ya miaka 20, Dk. Hugh Carey Trowell.

Jina lake halitajwi sana siku hizi katika mitaa yetu. Hata hivyo, madaktari wa Afrika Mashariki waliosomea Makerere kabla ya uhuru walipita katika wodi na madarasa yake, na mengi anayoambiwa leo mgonjwa wa kisukari au wa moyo kuhusu ugali wa dona, maharage na mboga yana asili katika maandishi yake.

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Alisomea udaktari katika hospitali ya St Thomas's jijini London, na mwaka 1929 akaajiriwa katika utumishi wa afya wa makoloni na kupelekwa Kenya. Alifuatana na mkewe, Margaret, aliyekuwa amesomea sanaa ya uchoraji na ualimu.

Wakiwa Kenya waliishi Machakos miongoni mwa Wakamba, na pia Nairobi. Huko ndiko daktari huyo kijana alikoanza kukutana na watoto wa ajabu machoni pake. Hawakuwa wamekonda kama alivyotarajia kwa mtoto mwenye njaa. Walikuwa wamevimba miguu na uso, ngozi imepauka na kubanduka, nywele zimekuwa nyepesi na za rangi ya kutu, na wenyewe wamenyong'onyea kiasi cha kukataa chakula. Wengi wao walikufa.

Mwaka 1935 akahamishiwa Uganda, katika hospitali ya Mulago na shule ya udaktari ya Makerere. Watoto wa namna ile ile walikuwa wakimsubiri.

Ugonjwa wenye majina mengi

Maradhi hayo kwa Kiswahili huitwa unyafuzi. Waganda waliyaita obwosi, wakiamini kwamba mtoto huugua kwa sababu mama yake amepata mimba nyingine wakati yeye bado ananyonya. Msomaji wa Dar es Salaam atatambua mara moja kuwa imani hiyo inafanana sana na ile ya kubemenda mtoto, inayozungumzwa hadi leo katika nyumba za pwani yetu.

Huko Ghana, iliyoitwa Gold Coast wakati huo, Waga nao walikuwa na jina lenye maana ya karibu kabisa: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa katika nafasi yake na mdogo wake. Jina hilo ni kwashiorkor. Daktari mwanamke, Cicely Williams, aliueleza ugonjwa huo kitaalamu mwaka 1933, na mwaka 1935 akaliingiza jina hilo katika jarida la The Lancet. Alishuku kuwa mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi peke yake anakosa protini ya kutosha.

Wakubwa wa tiba ya nchi za joto mjini London hawakumsikiliza. Walishikilia kuwa ugonjwa huo ni aina ya pelagra, yaani upungufu wa vitamini ambao ulikuwa umekwisha kuelezwa vitabuni. Trowell naye aliandamana na wakubwa hao. Kwa miaka kadhaa aliuita ugonjwa wa watoto wa Mulago pelagra ya watoto wachanga, akawatibu kwa vitamini.

Vitamini hazikusaidia. Watoto waliendelea kufa mbele yake.

Hapa ndipo unapoonekana uzito wa mtu huyu. Tabibu wa serikali ya kikoloni, mwenye cheo na sauti, angeweza kuwalaumu akina mama kwamba wamechelewa kuja hospitali, au kwamba wamekwenda kwanza kwa mganga. Trowell alirudi kwenye vitanda, akaandika upya dalili moja baada ya nyingine na kuwaomba wenzake wa maabara wamsaidie. Miongoni mwao alikuwa mtaalamu wa patholojia, J.N.P. Davies, aliyechunguza miili ya watoto waliofariki na kuonyesha kuwa kongosho, tezi inayotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, lilikuwa limesinyaa.

Katika miaka ya 1940 Trowell aliachana hadharani na maelezo ya pelagra. Aliandika kuwa huo ni utapiamlo wa aina yake, tena wa hatari kubwa, na kwamba kiini chake kimo katika chakula ambacho mtoto hakipati baada ya kuachishwa ziwa.

Kitabu alichokiandika pamoja na Davies na R.F.A. Dean, mtafiti wa lishe ya watoto aliyetumwa Kampala na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, kilitoka mwaka 1954. Kilibeba jina la ugonjwa huo, Kwashiorkor, na kwa muda mrefu kilikuwa rejea kuu ya maradhi hayo duniani. Miaka miwili kabla yake, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula yalikuwa yamechapisha ripoti yao kuhusu ugonjwa huo barani Afrika. Kile kilichodharauliwa mwaka 1935 kikawa suala la dunia nzima.

Maziwa: tiba na mtihani

Jibu lililopatikana Mulago na kwingineko lilikuwa maziwa. Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta yaliwafufua watoto waliokuwa wamekatiwa tamaa. Uvimbe ulishuka, hamu ya kula ikarudi, na mtoto aliyekuwa amelala kama gogo akaanza kucheka. Kwa mama aliyekwisha kuzika mtoto mmoja au wawili, haikuwa ajabu kwamba aliyaona maziwa hayo kuwa ni dawa.

Lakini tiba hiyo ilikuja na mtihani wake. Baadhi ya watoto walipopewa maziwa waliharisha, na kuharisha kwa mtoto dhaifu ni hatari tupu. Utumbo ulioharibiwa na utapiamlo hutoa kiasi kidogo cha kimeng'enya cha laktezi, ambacho kazi yake ni kuikata sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Laktosi isiyokatwa hushuka hadi utumbo mpana, huko huvuta maji na kuchachuliwa na bakteria, na matokeo yake ni gesi, maumivu na kuhara.

Mtihani wa pili ulikuwa nje ya wodi. Akina mama walioona maziwa ya unga yakiponya hospitalini waliyatafuta nyumbani. Maji hayakuwa safi, unga ulikuwa ghali na ulichanganywa mwepesi, na chupa za kunyonyea zikawa chanzo cha maradhi mengine. Mwaka 1965, Trowell akiwa amekwisha kuondoka, Mulago ilifungua kituo cha lishe kilichoitwa Mwanamugimu, ambako akina mama walifundishwa kupika ekitobero, yaani mchanganyiko wa vyakula vya kienyeji kama ndizi, maharage na karanga, badala ya kutegemea maziwa ya kopo.

Mwaka uliofuata, 1966, madaktari wawili wa Mulago, G.C. Cook na S.K. Kajubi, walichapisha katika The Lancet uchunguzi uliogusa kiini cha jambo hili. Walionyesha kuwa upungufu wa laktezi miongoni mwa watu wazima nchini Uganda ulitofautiana kwa kufuata asili ya watu. Waganda wengi, ambao ni wakulima, hawakuwa na uwezo mzuri wa kuisaga laktosi, ilhali watu wa asili ya ufugaji, kama Wahima na Watutsi, wengi wao walikuwa nao.

Maana yake ilikuwa kubwa. Mtu mzima ambaye maziwa yanamsumbua hakuwa tena mgonjwa wa kuonewa huruma, wala mtu wa kudekeza tumbo lake. Alikuwa binadamu wa kawaida, na huenda yule anayekunywa maziwa bila shida ndiye mwenye tofauti. Leo inakadiriwa kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa uwezo huo baada ya utoto. Mwaka 2007, utafiti uliohusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan ulibaini kuwa wafugaji wa ukanda huu walipata uwezo wa kunywa maziwa ukubwani kwa mabadiliko ya vinasaba yao wenyewe, tofauti na yale ya watu wa Ulaya.

Trowell hakushiriki katika uchunguzi huo wa 1966. Hata hivyo, ulifanyika katika hospitali aliyosaidia kuijengea desturi ya kuuliza kwa makini mgonjwa amekula nini, ametoka kwa watu gani na mwili wake unakipokeaje chakula hicho.

Mwalimu wa madaktari

Katika miaka yake yote ya Uganda, Trowell alikuwa mwalimu. Tanganyika haikuwa na shule ya kufundishia madaktari hadi mwaka 1963, ilipofunguliwa ile ya Dar es Salaam ambayo leo ni chuo kikuu cha Muhimbili. Kabla ya hapo, kijana wa Kitanganyika aliyetaka kuwa daktari alifunga safari hadi Makerere.

Mmoja wa waliosoma huko enzi hizo ni Dk. Vedast Kyaruzi, ambaye mwaka 1950 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, chenye makao yake katika mtaa wa New Street, sasa Lumumba, hapa Kariakoo.

Mkewe Trowell naye aliacha alama isiyofutika. Margaret alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930, na shule ya sanaa ya chuo hicho ilipewa jina lake. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Watanzania Sam Ntiro, mchoraji aliyekuja kuwa balozi wetu wa kwanza jijini London, na Elimo Njau.

Nyuzinyuzi, sembe na dona

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Trowell alirejea Uingereza, akapewa daraja la ukasisi katika kanisa la Anglikana na kuhudumu katika parokia ya kijijini karibu na Salisbury. Wengi wangedhani kuwa safari yake ya kitabibu imefika ukingoni.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Aliorodhesha maradhi ambayo kwa karibu miaka 30 ya kazi aliyaona mara chache mno au hakuyaona kabisa kwa Waafrika: ugonjwa wa mishipa ya moyo, kisukari cha ukubwani, unene uliokithiri, uvimbe wa kidole tumbo. Ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika ulikuwa adimu kiasi kwamba mwaka 1956 mgonjwa mmoja tu alistahili makala nzima katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki.

Baada ya kustaafu upadri aliungana na daktari mpasuaji Denis Burkitt, mwenzake wa zamani wa Mulago. Wawili hao walidai kuwa ulaji wa nafaka zilizokobolewa na sukari nyingi, pamoja na kupungua kwa nyuzinyuzi katika chakula, ndiko kunakoleta maradhi hayo. Mwaka 1972 Trowell alitoa tafsiri ya kitaalamu ya nyuzinyuzi za chakula kuwa ni mabaki ya kuta za seli za mimea ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuyasaga. Mwaka 1975 walitoa kitabu cha pamoja, na kingine mwaka 1981.

Anayepita katika maduka ya nafaka ya Kariakoo anaona mjadala huo umepangwa magunia kwa magunia: sembe nyeupe upande mmoja, dona upande mwingine, ulezi na mtama pembeni. Trowell angejua achague gunia lipi.

Si kila alilolisema limesimama. Nadharia ya protini pekee kuwa chanzo cha unyafuzi ilikosolewa vikali mwaka 1974 na mtaalamu Donald McLaren, na leo wanasayansi wanakubali kuwa ugonjwa huo una sababu zaidi ya moja. Vilevile, madai yake na Burkitt kuhusu nyuzinyuzi kuzuia kila namna ya maradhi yamepunguzwa makali na tafiti za baadaye. Hata hivyo, mtu aliyekubali kubadili msimamo wake mbele ya vitanda vya Mulago asingeshangazwa na hayo.

Margaret alifariki dunia mwaka 1985. Trowell alimfuata mwaka 1989.

Funzo kwa msomaji wa leo

Njia aliyoifuata Trowell ni ile ile inayotumika hadi leo kumtambua mtu ambaye mwili wake hauvumilii chakula fulani: kuangalia, kuandika, kubadili kitu kimoja na kuangalia tena.

Anayeshuku maziwa aandike kwa siku kadhaa anachokula na saa tumbo linapomsumbua. Kisha aache maziwa kwa takriban wiki mbili, bila kubadili kitu kingine, halafu ayarudishe. Yakimrudia yale yale, ushahidi unaanza kupatikana. Hospitali zenye vifaa zinaweza kuthibitisha kwa kipimo cha pumzi au cha sukari ya damu baada ya kunywa laktosi. Wengi watagundua kuwa hawahitaji kuacha kabisa. Mtindi, ambao bakteria wameshakula sehemu ya laktosi yake, huwakubali watu wengi wasioweza maziwa mabichi, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chanzo kizuri cha madini ya chokaa.

Ngano ni habari nyingine. Ugonjwa wa siliaki, ambapo kinga ya mwili hushambulia utumbo kwa sababu ya gluteni, ulifumbuliwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyeishi zama moja na Trowell. Alikuwa ameshuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini mwake, watoto wenye ugonjwa huo walipata nafuu, na uliporudi wakaugua tena. Aliyathibitisha hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1950.

Kwa gluteni, tahadhari ni kinyume na ya maziwa. Mtu asiache chapati, maandazi na mkate kabla ya kupimwa damu, kwa maana kipimo hutafuta kingamwili ambazo hupungua ngano ikiachwa, na majibu yanaweza kudanganya. Apimwe kwanza akiwa bado anakula ngano, na daktari akiona haja, utumbo uchunguzwe kwa kamera na kukatwa kinyama. Akithibitika, soko letu halimtupi: muhogo, mchele, mahindi, mtama na ulezi havina gluteni, na hata vitumbua hutengenezwa kwa mchele. Alichunge tu unga uliochanganywa, au uliosagwa katika mashine inayosaga ngano.

Tumbo kuunguruma si lazima liwe jambo la chakula. Amiba, minyoo na vidonda vya tumbo bado vipo, na kila kimoja kina kipimo chake. Anayepungua uzito, anayepata choo chenye damu au anayeishiwa damu asijitibu kwa kubadili mlo, bali awahi hospitali. Mzio wa maziwa au ngano, unaoleta vipele, kuvimba midomo au kubanwa pumzi, ni jambo tofauti kabisa na linaweza kuua.

Zaidi ya yote, mtoto mdogo asiachishwe ziwa la mama wala kuondolewa vyakula kwa kubahatisha. Wodi za Mulago zilijaa watoto ambao chakula chao kilikuwa kimepunguzwa bila kingine cha kufaa kuwekwa mahali pake.